Miaka Hamsini kwa Milango Miwili

Wazazi wengi huwaondoa watoto wao katika ufundi kabla hawajaiva, kwa tamaa ya mshahara wa upesi. Hao tungependa wamtazame Lorenzo Ghiberti.

Alizaliwa karibu na mji wa Firenze, nchini Italia, mwaka 1378, akafundishwa usonara na Bartolo, mume wa mama yake. Mwaka 1401 mafundi saba walishindanishwa kwa ajili ya mlango wa shaba nyeusi wa nyumba ya ubatizo ya Firenze. Kila mmoja alisubu picha ya Abrahamu akimtoa sadaka Isaka. Ghiberti, kijana asiye na jina, akamshinda hata Brunelleschi, ambaye baadaye alijenga kuba la kanisa kuu la mji huo.

Mlango ule, wenye picha 28, ulimshika tangu 1403 hata 1424. Mwaka uliofuata akapewa mwingine, wa picha 10 za Agano la Kale, zilizopakwa dhahabu. Akaumaliza mwaka 1452, mzee wa miaka zaidi ya 70; akafa mwaka 1455. Kiwanda chake kilikuwa shule: Donatello, mchongaji mashuhuri, alifanya kazi humo ujanani.

Mafuriko ya mwaka 1966 yaling'oa baadhi ya picha za mlango wa pili. Kuutengeneza na kuusafisha kulidumu miaka mingi, hata 2012. Sasa umehifadhiwa katika makumbusho, na mfano wake umewekwa mahali pake.

Ghiberti asingalivumilia, watu wangalipita mlangoni pale bila kuinua macho. Basi, mwana aliyeanza kujifunza, na aachwe amalize.