Mohamed Amin na Deni la Mwenye Kamera

Ninafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari upande wa Msambweni, na kwa kuwa hakupatikana mwalimu mwingine aliyekuwa tayari, nilitwikwa pia ulezi wa chama cha filamu. Sijawahi kuingia chuo cha filamu maishani mwangu. Ujuzi wangu wa kamera ni ule wa mtu aliyesimama mbele yake arusini na katika picha ya kitambulisho. Lakini tangu tamasha la kitaifa la michezo ya kuigiza lilipozifungulia filamu mlango, vijana wetu wa Kwale nao wameingiwa na hamu, na hamu ya kijana haingoji mwalimu ahitimu.

Mwaka jana wanafunzi wangu walifanya jambo lililoninyima usingizi. Walikuwa wamekwenda Gazi kupiga picha za mikoko. Kijiji kile kimezoea kamera; tangu mradi wa Mikoko Pamoja ulipoanza biashara ya hewa ya ukaa kwa faida ya wanakijiji, wageni wa kila namna wamefika kuitazama miti ile na kuipiga picha. Njiani vijana wakamwona bibi mmoja ameketi barazani akisuka ukili. Akashikwa na kikohozi kirefu, nao wakamnasa. Hawakubisha hodi wala hawakumwamkia. Walirudi shuleni wakifurahi kwamba wamepata picha itakayowatoa waamuzi machozi.

Siku ya tatu mjukuu wa yule bibi alifika langoni akitaka kujua ni kwa idhini ya nani nyanyake amefanywa sinema. Mkuu wa shule, ambaye hapendi kelele, akaona dawa ni kukivunja chama. Vijana walikuja kwangu wamenuna, na msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, mwepesi wa kuuliza, akataka nimweleze yale ambayo vyuo vya filamu hufundisha kuhusu jambo kama hili: je, dhamira ya chuo cha aina hiyo ni kumfunza mtu kuipata picha, au kumfunza lini asiipige? Niliomba wiki moja.

Ningeweza kumwelekeza katika taasisi yetu ya mawasiliano ya umma kule Nairobi, ambayo imekuwa ikitoa mafunzo tangu 1961, au hata kumpa orodha ya masomo: taa, sauti, uandishi wa mswada, uhariri. Lakini orodha ya masomo haijibu swali la dhamira. Nikaamua kuwasimulia maisha ya mtu ambaye hakuijua kamera kwa kusomea chuoni, ingawa baada ya kifo chake vijana walifundishwa kazi hiyo chini ya wakfu wenye jina lake.

Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1943. Baba yake, mtu wa asili ya Punjab, alikuwa mfanyakazi wa reli, na kazi ile ikaihamishia familia Dar es Salaam Mohamed akiwa bado mtoto. Huko, akiwa na umri wa miaka kama 11, alinunua kamera kuukuu ya kijisanduku. Alijifunza kusafisha picha katika chumba cha giza cha chama cha wapigapicha shuleni. Naam, chama cha shule, kama hiki chetu kilichotaka kuvunjwa! Kabla hajamaliza masomo alikuwa tayari akiuza picha kwa magazeti, na mwaka 1963, akiwa na miaka 20 tu, alianzisha kampuni yake, Camerapix.

Mwaka uliofuata yakatokea mapinduzi ya Zanzibar, naye akawahi kuvuka bahari kuyapiga picha. Aliendelea kukifuatilia kisiwa kile hata mwaka 1966 wakubwa walipomkasirikia kwa yale aliyoyanasa kuhusu mafunzo ya kijeshi. Alikaa gerezani kiasi cha mwezi mmoja, kisha akafukuzwa Tanzania na kurudi Nairobi karibu mikono mitupu. Hapa darasani wavulana walichangamka, maana gereza lina mvuto wake kwa mtu asiyewahi kulala humo. Sikuwaacha wabaki hapo. Niliwataka wafikirie jambo lililofuata, ambalo kwangu mimi ni gumu kuliko gereza.

Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi, Tom Mboya alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa katikati ya Nairobi. Mohamed Amin alifika upesi mno. Aliingia ndani ya gari la wagonjwa pamoja na waziri aliyekuwa akikata roho, na kamera yake haikusita. Picha zile zilizunguka dunia, naye akatunukiwa nishani ya mpigapicha bora wa televisheni wa mwaka huko Uingereza. Niliwauliza vijana: je, aliomba idhini? Nani angeombwa? Wengine walisema kwamba Mboya alikuwa mali ya taifa, na taifa lilikuwa na haki ya kuona lilivyotendwa. Msichana yule hakukubali. Alisema kwa utaratibu kwamba mtu anayekufa ni mtoto wa mtu kwanza, ndipo awe wa taifa. Nilijikuta sina la kuongeza, na mpaka leo siijui vyema njia ya katikati. Ninachokijua ni kwamba bila picha zile tungebaki na uvumi peke yake kuhusu dakika zile, nasi Wakenya tumekwisha kulishwa uvumi wa kutosha kuhusu vifo vya wakubwa wetu.

Habari za Idi Amin na mapinduzi yake ya 1971 nilizipitia haraka. Mohamed, ambaye hakuwa na udugu naye isipokuwa wa jina, alipata kumkaribia kuliko wanahabari wengi. Nilitaka kufika Korem.

Mnamo Oktoba 1984 Mohamed Amin alifika kaskazini mwa Ethiopia pamoja na Michael Buerk, mwandishi wa BBC. Huko Korem na Mekele alikuta maelfu ya watu waliokuja kutafuta chakula na kupata baridi ya alfajiri na mauti. Taarifa yao ilitangazwa tarehe 23 Oktoba, kisha ikachukuliwa na vituo zaidi ya 400 vya televisheni ulimwenguni. Wanamuziki wa Uingereza na Marekani wakaimba kuchangisha fedha, na tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha kubwa la London na Philadelphia. Chakula kilipelekwa, na watu wasiohesabika wakapona kwa sababu mtu mmoja alibeba kamera pale ambapo serikali ya Ethiopia isingependa patazamwe sana.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo husimuliwa daima. Sehemu isiyosimuliwa sana ni kwamba picha zile zilionyesha njaa bila ya kuonyesha vizuri vita na siasa zilizoizidisha. Isitoshe, tangu siku ile Mwafrika mwenye njaa amekuwa sanamu ya kudumu katika macho ya wageni, na kila mwenye kuchangisha fedha hutafuta mtoto mwenye nzi machoni. Sisi wa Pwani ya Kusini tunaifahamu tabia hiyo. Mgeni anayelala Diani katika hoteli yenye kila starehe akitaka picha ya kukumbukwa, hupelekwa kwenye kibanda cha makuti ampige mtoto asiye na viatu, na mtoto hupewa peremende. Na kumbe wanafunzi wangu, waliozaliwa katika vibanda hivyo hivyo, walikwenda Gazi na jicho la mgeni. Nani aliwafundisha? Waliziona filamu zilizoshinda, wakajua kinachoshinda.

Je, lawama hiyo ni ya Mohamed Amin? Sidhani, au tuseme si yake peke yake. Yeye hakukimbia baada ya kupata picha. Alirudi Ethiopia mara nyingi, akachapisha vitabu vingi vya picha vilivyoonyesha nchi za Afrika katika uzuri wake, kimojawapo kikiwa juu ya safari yake ya kulizunguka Ziwa Turkana. Mwenye kuiona kazi yake yote hawezi kusema kwamba alijua njaa tu. Tatizo ni kwamba dunia ilichagua dakika chache katika miaka zaidi ya 30 ya kazi.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa alipokuwa akipiga picha. Alipoteza mkono wa kushoto. John Mathai, mshika sauti wake, alipoteza uhai. Niliwaandikia jina hilo ubaoni na kuwaamuru walinakili, kwa sababu katika filamu anayekumbukwa ni mwenye kamera, ilhali aliyeshika kipaza sauti husahauliwa hata akifa. Mohamed alitengenezewa mkono wa bandia, akarudi kazini baada ya miezi michache tu. Ukaidi wa namna hiyo ulikuwa na gharama nyumbani: mwanawe Salim alishiriki baadaye, mwaka 2006, kutengeneza filamu juu ya baba yake, na ndani yake mna fahari na pia uchungu wa mtoto aliyelelewa na baba asiyekuwepo.

Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1996, alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi, akiwa na mwandishi mwenzake Brian Tetley. Watekaji watatu waliiteka, wakidai ipelekwe Australia. Rubani, akijua mafuta hayatoshi, aliufuata mwambao wa Afrika kuelekea kusini. Huenda siku ile tuliisikia ngurumo yake hapa Msambweni tusiitambue. Mafuta yaliisha karibu na Ngazija na ndege ikaanguka majini. Kati ya watu 175, walikufa 125, Mohamed na Tetley wakiwa miongoni mwao. Inasimuliwa kwamba alikuwa amesimama akijaribu kusemezana na watekaji. Na mtalii mmoja aliyekuwa ufuoni akaunasa mwanguko ule kwa kamera ya mkononi, dunia nzima ikautazama. Darasa lilinyamaza. Mtu aliyewanasa wengine wakifa, kifo chake nacho kilinaswa na mtu asiyemjua.

Alichokiacha ni mamilioni ya picha zilizohifadhiwa Nairobi, maana alikuwa bahili wa kutupa, na wakfu ambao Salim aliuanzisha ukafundisha vijana wa Kiafrika utangazaji na utengenezaji wa filamu. Kwangu mimi hilo la hifadhi ni zito kuliko nishani. Picha za mikoko ya Gazi ziko katika makabati ya watu wangapi ng'ambo, na shule yetu ina ngapi?

Mkuu wa shule alikubali kukiahirishia chama hukumu kwa sharti moja, kwamba tumwendee bibi. Tulikwenda Jumamosi, mimi na wanafunzi watano, tukabisha hodi, tukamwamkia, tukaomba radhi. Mjukuu alisimama mlangoni amekunja mikono. Bibi hakusema mengi. Alitaka kwanza aione hiyo sinema yenyewe. Msichana wa Kidato cha Tatu akaketi kando yake mkekani na kumwonyesha. Alijitazama kwa makini mpaka mwisho, akataka arudishiwe mwanzo, akajitazama tena.

Kisha akatoa masharti yake. Kikohozi kiondolewe, kwani alikuwa na mafua tu siku ile. Mikono inayosuka ukili ibaki, lakini ipigwe upya, kwa karibu, kwa sababu tulikuwa tumekosea kuonyesha jinsi miyaa inavyopishana. Jina lake litajwe kamili, pamoja na la mama yake aliyemfundisha. Na filamu ikimalizika, nakala moja ibaki pale nyumbani. Wavulana wawili wakaenda kuchukua kamera garini.