Rashidi Kawawa, Mchekeshaji Aliyekuwa Waziri Mkuu

Sote twamjua Mzee Rashidi Mfaume Kawawa katika vitabu vya historia: Waziri Mkuu, Makamu wa Rais, Simba wa Vita. Mimi napenda kueleza habari zake ambazo hazitajwi sana darasani. Kabla ya kushika madaraka, Mzee huyu alikuwa mwigizaji wa sinema, tena sinema za kuchekesha.

Alizaliwa katika miaka ya 1920 huko Songea, mtoto wa mwindaji wa tembo. Baada ya kusoma Dar es Salaam alikuja hapa Tabora, katika shule ya sekondari ya serikali. Mji wetu ni njia panda tangu zamani. Wapagazi waliotoka Bagamoyo walipumzika hapa, kisha wengine wakashika njia ya Ujiji. Reli ilipofika mwaka 1912 misafara ilikwisha, lakini wageni hawakukoma. Katika bweni la Tabora kijana wa Songea aliishi na vijana wa makabila mengi, kila mmoja na Kiswahili chake na mwendo wake. Nadhani hapana shule bora kuliko hiyo kwa mtu atakayeigiza wenzake.

Alipomaliza masomo angeweza kwenda Makerere, lakini alichagua kazi ili awasaidie ndugu zake wasome. Alikuwa karani wa hesabu, kisha akaingia idara ya maendeleo ya jamii. Siku hizo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya Waingereza ilikuwa ikitengeneza sinema za Kiswahili pamoja na kampuni moja ya Johannesburg, na Kawawa akawa mwigizaji mkuu. Iliyovuma zaidi ni Muhogo Mchungu, ambamo aliigiza mtu wa shamba anayefika Dar es Salaam asiyejua hila za mji. Nyingine ni Chalo Amerudi, Meli Inakwenda na Wageni Wema.

Mtu aweza kuuliza: Je, haikuwa aibu? Kamera ilikuwa mali ya mkoloni, na aliyechekwa ni Mwafrika wa shamba. Swali hili ni la haki, nami nimelifikiri sana. Naona kwamba watazamaji walimwona mtu wa kwao akisema lugha yao, na mchekeshaji hawezi kumwigiza mtu wa shamba vizuri asipomtazama kwa makini, ajue anachoogopa na anachotamani. Ujuzi huo Kawawa hakuuacha kwenye sinema. Aliongoza chama cha Waafrika watumishi wa serikali, na mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika.

Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu, na Kawawa akawa Waziri Mkuu. Desemba mwaka huo huo nchi ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu akawa Rais, naye Kawawa akawa Makamu wake. Baada ya Muungano wa 1964, Makamu wa Kwanza alikuwa Sheikh Abeid Amani Karume, na Kawawa akawa wa Pili. Aliendelea kutumika, na tangu 1972 hata 1977 alikuwa Waziri Mkuu tena. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009.

Kwangu mimi, mambo haya mawili ni jambo moja. Mtu aliyekubali kuchekwa mbele ya watu hakuona haya kuwa wa pili.

Wazazi wetu hutaka tuwe madaktari na wahandisi, na ni haki yao. Lakini nawaomba, mwanafunzi anayeshiriki katika michezo ya kuigiza asiambiwe kwamba anapoteza wakati. Nanyi wenzangu, mwenzetu akipanda jukwaani, tumcheke pale anapotaka tucheke, wala tusimdharau. Huenda anajifunza kuwajua watu atakaowatumikia kesho.