Aliyeshusha Kamba Ziwani

Mwanajumuiya uliyepanga chumba kimoja Manzese, usijione umekwama. Henry David Thoreau naye aliishi chumba kimoja, futi 10 kwa 15, na humo alianza kuandika kitabu kinachosomwa mpaka leo.

Alizaliwa 1817 mjini Concord, Massachusetts, Marekani. Baba yake alitengeneza penseli. Akasoma Harvard, akarudi kwao. Tarehe 4 Julai 1845 akahamia kando ya Walden, ziwa dogo ndani ya msitu, maji maangavu, halina mto unaoingia wala unaotoka. Kibanda alijenga mwenyewe kwa dola 28 na senti kidogo, kwenye ardhi ya rafiki yake, mwandishi Emerson.

Wenyeji walishazoea kusema ziwa lile halina mwisho. Si unatujua binadamu: mmoja akisema, wote tunaitikia. Thoreau hakubishana. Mapema 1846, maji yakiwa yameganda, alitoboa barafu, akashusha kamba yenye jiwe. Futi 102, kama mita 31. Ubishi kwisha.

Julai ya mwaka huohuo alilala mahabusu usiku mmoja. Aligoma kulipa kodi ya kichwa kwa serikali iliyoruhusu utumwa. Septemba 1847 akaondoka ziwani, na kitabu chake, Walden, kikatoka 1854. Kifua kikuu kilimuua 1862, akiwa na miaka 44.

Sasa wewe, kule darasani na hapo kijiweni, ni mangapi unayarudia bila kushusha kamba?