Jeevanjee na Maana ya Wakfu

Mashirika mengi ya hisani yenye ofisi Westlands, Kileleshwa na Lavington hupima kazi yake kwa miradi. Mradi huanzishwa, hukaguliwa, huandikiwa ripoti, kisha hufungwa. Mkazi wa Kangemi au Kawangware, aliye mwendo mfupi wa matatu kutoka ofisi hizo, aghalabu husalia na kibao chenye jina la mfadhili. Je, hilo ndilo kusudi la hisani? Maisha ya Alibhai Mulla Jeevanjee yatupa jibu tofauti.

Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, akafika Mombasa mwaka 1890. Reli ya Uganda ilipojengwa, alipata zabuni ya kuleta vibarua kutoka Bara Hindi. Hakuwa walii: ujenzi huo uliomtajirisha uliwaua vibarua wapatao 2,500. Baadaye alianzisha gazeti la African Standard, akajenga soko Nairobi, na akawa Mhindi wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria, akipinga ubaguzi waliofanyiwa Wahindi.

Mwaka 1906 aliwapa watu wa Nairobi bustani katikati ya mji, akasimamisha humo sanamu ya Malkia Victoria. Utajiri wake ulididimia kabla hajafariki mwaka 1936, bustani ikabaki.

Kiswahili hutofautisha msaada na wakfu. Msaada waweza kukatizwa na mtoaji wakati wowote. Wakfu humtoka mwenyewe kabisa, ukawa amana ya wanaonufaika nao. Hati ya bustani iwe ilisema nini, zawadi ya Jeevanjee iliishi kama wakfu. Mwaka 1991 ulipotolewa mpango wa kujenga hapo jengo la ghorofa la kuegeshea magari, mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani, wananchi wakamuunga mkono, na mpango ukaachwa. Nani hujitokeza kutetea mradi uliokwisha kufungwa?

Isitoshe, bustani hiyo ilikuja kuwa makao ya Bunge la Mwananchi, ambapo raia wasio na vyeo hujadili siasa hadharani. Jeevanjee, aliyesimamisha sanamu ya malkia, hakuyapanga hayo. Katika jedwali la malengo na viashiria yasingepata hata safu moja. Waama, hayo ndiyo matunda makubwa ya zawadi yake: waliopewa waliitumia walivyoona wenyewe.

Bila shaka njaa haingoji bustani, wala mgonjwa haponi kwa mjadala. Misaada ya dharura ina mahali pake. Lakini shirika linalokaa mtaani miaka ishirini haliwezi kujificha nyuma ya dharura. Walimu na wanafunzi wanaojiandaa kufanya kazi katika mashirika haya wafaa kuuliza swali lililo zito kuliko idadi ya waliofikiwa: siku ofisi ya Lavington itakapofungwa, mtu wa Kawangware atabaki na kitu gani anachoweza kukiita chake, na kukipigania?