Maisha ya Bwana John von Neumann

Muhula uliopita kompyuta za maktaba yetu, ambazo hupelekeana habari kwa mawimbi ya redio, zilikuwa nzito mno kila tulipozifungua zote pamoja. Mwalimu wa fizikia akatueleza kwamba zote zinatumia njia moja ya hewani. Zikisema mbili kwa mara moja, habari zao hugongana zikapotea. Akamtaja John von Neumann, nami nikatafuta habari zake.

Alizaliwa Budapest, Hungaria, tarehe 28 Desemba 1903. Baba yake, mtu wa benki, alimtakia kazi ya kumpa chakula, basi akasomea kemia Zürich huku akisoma hesabu Budapest. Mwaka 1926 alipata udaktari wa hesabu. Mwaka 1928 alithibitisha kwamba katika mchezo wa wawili, ambapo faida ya mmoja ni hasara ya mwenziwe, pengine mchezaji hodari hana budi kuchagua kwa bahati nasibu, asije akatambulikana. Mwaka 1944 yeye na Oskar Morgenstern walitoa kitabu kikubwa juu ya elimu hiyo.

Mtandao wa kompyuta wa hewani hakuuona. Ule wa Hawaii ulioitwa ALOHAnet ulianza mwaka 1971. Lakini bahati nasibu imo humo pia. Chukueni kompyuta mbili, kila moja ikirusha shilingi kabla ya kusema. Katika zamu nne, kwa wastani mbili hufaulu. Moja ikifanya choyo, ikasema daima, itapata hizo mbili peke yake. Zote mbili zikifanya choyo, hakuna itakayosikika kamwe. Mchezo huu, basi, si kama ule wa 1928: hapa wote waweza kushindwa.

Von Neumann alihamia Marekani, akafundisha Princeton. Mwaka 1945 aliandika mpango wa kompyuta inayoweka maagizo yake ndani ya kumbukumbu, na kompyuta zetu zimeufuata hata leo. Mwaka huohuo alikuwa katika kamati iliyochagua miji ya Japani ya kupigwa bomu la atomiki, naye alikuwa amesaidia kulitengeneza. Mwenzangu wa bwenini alinisihi niiache habari hii, eti inamwaibisha mtu mkubwa. Tulibishana hadi taa zikazimwa, nami nimeiandika.

Alikufa kwa kansa mjini Washington tarehe 8 Februari 1957, mwenye umri wa miaka 53, akazikwa Princeton.