Gregory: Karani wa sufu aliyetegua kitendawili cha Bonde la Ufa

MNAMO Machi 2018, mvua kubwa iliponyesha, ardhi ilipasuka karibu na Mai Mahiu na Suswa. Barabara ya kuelekea Narok ilikatika na baadhi ya wakazi wakalazimika kuzihama nyumba zao. Habari zikavuma kote ulimwenguni kwamba Afrika inagawanyika vipande viwili. Wanajiolojia wengi walitahadharisha kwamba korongo lile lilichimbwa na maji ya mvua yaliyosomba majivu laini ya volkeno yaliyojaa katika nyufa za kale. Hata hivyo, hakuna aliyekana kwamba nyufa zenyewe zipo, wala kwamba bara hili kweli linaachana, ingawa kwa mwendo wa polepole mno.

Mabishano kuhusu bonde hilo hayakuanza jana. Miaka 125 kabla ya tukio hilo, Machi 1893, kijana mmoja Mwingereza mwenye umri wa miaka 29 aliondoka Mombasa kwa miguu akiwa na wapagazi wapatao 40. Alikuwa na swali moja kubwa moyoni: bonde lile pana linalokatiza Afrika Mashariki lilitokeaje? Je, lilichimbwa na mito, kama mabonde mengine mengi, au ardhi yenyewe ilididimia?

Kijana huyo aliitwa John Walter Gregory. Jibu alilorudi nalo ndilo lililoipa lugha ya Kiingereza jina la aina hiyo ya bonde, na kutokana nalo tukapata jina letu la Bonde la Ufa.

Gregory alizaliwa London Januari 27, 1864, baba yake akiwa mfanyabiashara wa sufu. Alipofikisha umri wa miaka 15 aliacha shule na kuajiriwa kuwa karani katika biashara iyo hiyo. Mchana alihesabu marobota. Usiku alihudhuria masomo ya jioni katika chuo cha Birkbeck, ambacho kiliwafaa watu wa kazi wasioweza kukaa darasani mchana. Huko ndiko alikopenda elimu ya miamba. Mwaka 1887 aliajiriwa katika jumba la makumbusho la Uingereza, idara ya historia ya viumbe, akashughulikia visukuku vya matumbawe na viumbe wengine wa baharini. Shahada yake ya kwanza aliipata mwaka 1891, na ile ya udaktari wa sayansi mwaka 1893.

Wakati huo wataalamu wa Ulaya walikuwa wameanza kuzungumzia bonde la Afrika Mashariki. Msafiri Joseph Thomson alilipitia mwaka 1883. Mnamo 1888, Samuel Teleki na mwenzake Ludwig von Höhnel walifika katika ziwa ambalo leo tunaliita Turkana. Ramani na maelezo ya von Höhnel yalimfikia mwanajiolojia mashuhuri wa Vienna, Eduard Suess, ambaye mwaka 1891 aliandika kwamba bonde hilo ni sehemu ya mfululizo mrefu wa mipasuko ya ardhi unaoanzia Afrika Mashariki, kupitia Bahari ya Shamu, hadi bonde la Yordani. Lakini Suess hakuwahi kulikanyaga bonde hilo. Alihitajika mtu wa kwenda kuitazama miamba kwa macho yake. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Safari ya Gregory nusura ikwame hata kabla ya kuanza. Alikuwa amekuja pwani kama mtaalamu katika msafara mkubwa uliokusudia kufika Ziwa Turkana. Msafara huo ulisambaratika kabla haujafika mbali. Wengine wangepanda meli na kurudi kwao. Gregory alikwenda Mombasa, akakusanya wapagazi wake wachache na kuamua kuuendesha msafara wake mwenyewe, kwa fedha kidogo na muda mfupi wa likizo uliobaki.

Nairobi haikuwapo. Reli ya kuelekea Uganda ilikuwa haijaanza kujengwa. Kila kitu, kuanzia chakula na mahema hadi sampuli za mawe, kilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, mzigo wa mtu mmoja ukikaribia kilo 30. Msafara ulipita Kibwezi na Machakos, ukakatiza nchi ya Wakikuyu, ukateremka hadi Naivasha na kuendelea kaskazini hadi Baringo. Kutoka huko ulipanda Laikipia, ukaelekea Mlima Kenya na hatimaye kurudi Mombasa mwezi Agosti. Ni haki kusema kwamba bila wapagazi wale, ambao majina yao hayamo katika vitabu vya shule, elimu hiyo isingepatikana.

Je, Gregory aliona nini? Bonde lililochimbwa na mto huwa na dalili zake: hupindapinda, huanza jembamba na kupanuka kadiri linavyoshuka, na sakafu yake huteremka kuelekea baharini. Bonde hili halikuwa na dalili hizo. Kuta zake zilisimama sambamba kwa mamia ya kilomita. Sakafu yake ilipanda na kushuka, nayo maziwa mengi yaliyomo, kama vile Nakuru, Baringo na Magadi, hayakuwa na mto wa kuyapeleka maji yake baharini.

Ushahidi uliokuwa mzito zaidi ulikuwa katika miamba. Katika kuta za bonde na katika milima ya Kamasia, ambayo pia hujulikana kama milima ya Tugen, Gregory alichunguza jinsi matabaka ya miamba yalivyopangana. Aliona kwamba matabaka yaliyokuwa juu kwenye kingo yalijitokeza tena chini, yakiwa yamekatwa na kuteremshwa ngazi kwa ngazi. Mto ungeyasomba matabaka hayo. Hapa hayakusombwa bali yalianguka. Ardhi ilipasuka katika mistari miwili iliyo sambamba, na kipande kilichokuwa katikati kikadidimia.

Msomaji anayezifahamu nyumba za kale za Lamu au Mombasa anaweza kulifikiria tao la mlango. Mawe ya tao hushikana kwa kubanana. Nguzo mbili za pembeni zikisogea kila moja upande wake, hata kwa upana wa kidole, jiwe la katikati hupoteza mshiko na kuteremka. Ndivyo Gregory alivyolieleza bonde: ardhi iliinuka kama tao, ikavutwa, kisha sehemu ya katikati ikaanguka. Kupitia katika nyufa hizo, miamba iliyoyeyuka ilipata njia ya kupanda juu, na ndipo zikazaliwa volkeno kama Longonot, Suswa na Menengai.

Mwaka 1896 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu safari hiyo, na jina alilolipa bonde likashika. Leo wanajiolojia kote duniani wanapozungumzia mkono wa mashariki wa bonde hilo, unaopita Kenya na kuingia kaskazini mwa Tanzania, huuita Ufa wa Gregory.

Katika safari iyo hiyo alipanda Mlima Kenya hadi kwenye mito ya barafu, ingawa hakufika kileleni. Baridi iliwatesa mno wapagazi wake waliozoea joto la pwani. Huko aligundua marundo ya mawe na udongo chini sana ya mahali barafu ilipokomea, akatambua kwamba zamani barafu ilishuka mbali zaidi. Mto mmoja wa barafu mlimani ulipewa jina lake. Leo mto huo haupo tena; umeyeyuka wote, na iliyosalia mlimani inazidi kupungua mwaka baada ya mwaka.

Gregory hakuwa mtu wa kutulia. Mwaka 1896 alikuwa Spitsbergen, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, pamoja na Martin Conway. Mwaka 1900 alianza kazi kama profesa wa jiolojia huko Melbourne, Australia, na katika msimu wa joto wa 1901 hadi 1902 akalizuru eneo kame la Ziwa Eyre. Kuanzia 1904 hadi 1929 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland. Mwaka 1922, akiwa na mwanawe, alisafiri hadi milima ya Tibet iliyo upande wa China.

Afrika Mashariki alirudi mwaka 1919. Sasa alisafiri kwa reli katika nchi aliyokuwa ameitembea kwa miguu. Huko Olorgesailie, kusini magharibi mwa Nairobi, aliona zana za mawe za watu wa kale zikiwa zimelala juu ya ardhi. Ni miaka ya 1940 ambapo Mary na Louis Leakey walianza uchimbaji uliolifanya eneo hilo kuwa maarufu duniani. Matokeo ya safari hiyo ya pili Gregory aliyachapisha mwaka 1921.

Wakati huo alikuwa na wapinzani. Wapo wanajiolojia, miongoni mwao E.J. Wayland aliyefanya kazi Uganda, waliodai kwamba bonde halikutokana na kuvutwa kwa ardhi bali na kubanwa kwake, kingo zikisukumwa na kupandishwa juu ya sakafu. Mjadala huo uliendelea kwa miongo kadhaa. Hatimaye ushahidi uliegemea upande wa Gregory: ardhi inavutwa.

Lakini juu ya sababu ya kuvutwa huko, Gregory alikosea. Aliamini kwamba mabara hayasogei, na kwamba bahari zilitokea pale ambapo nchi kavu za kale zilizama. Kutokea kwa bonde alikuhusisha na kudidimia kwa nchi kama hiyo mahali penye Bahari Hindi. Mjerumani Alfred Wegener alikuwa ametoa mwaka 1912 hoja kwamba mabara husafiri, lakini Gregory, kama wengi wa rika lake, hakuikubali.

Sayansi ya leo, iliyokamilika katika miaka ya 1960, inaeleza kwamba gamba la dunia na mwamba mgumu ulio chini yake vimegawanyika katika mabamba makubwa. Mabamba hayo hubebwa juu ya tabaka nene la miamba yenye joto kali, linaloshuka hadi kina cha kilomita 2,900 hivi. Ingawa tabaka hilo ni mwamba, joto hulifanya litiririke polepole kwa mamilioni ya miaka. Chini ya Afrika Mashariki, miamba yenye joto inapanda, inaiinua nchi na kulidhoofisha gamba. Upande wa mashariki, bamba la Somalia linaachana na bara lililobaki kwa milimita chache tu kila mwaka. Gamba la bara kwa kawaida lina unene wa kilomita 30 hadi 40. Chini ya Turkana limekonda hadi karibu kilomita 20.

Milimita chache si kitu kwa mtu anayeishi miaka 70. Hata hivyo, mara nyingine ardhi huhesabu deni lake kwa pamoja. Januari 6, 1928, Gregory akiwa bado hai, tetemeko kubwa liliikumba Subukia na kuacha ufa wa kilomita nyingi ardhini. Ilikuwa ishara kwamba kazi aliyoieleza haijakoma.

Kuna ukurasa mwingine wa maisha yake ambao haufai kufichwa. Mwaka 1925 Gregory alichapisha kitabu kuhusu mahusiano ya watu wa rangi mbalimbali, na humo alitetea kutenganishwa kwao. Mtu aliyeusoma mwamba kwa subira na kukataa kuamini asichokiona alishindwa kuwatazama binadamu wenzake kwa uangalifu uo huo, ilhali safari iliyomjengea sifa ilibebwa na Waafrika. Elimu ya mtu katika jambo moja haimfanyi kuwa mwenye hekima katika yote.

Mwisho wake ulimkuta kazini. Mwaka 1932, akiwa na miaka 68 na tayari amestaafu, alikwenda Peru kuchunguza volkeno na matetemeko ya milima ya Andes. Juni 2, mtumbwi aliopanda ulipinduka katika maporomoko ya Mto Urubamba, naye akafa maji.

Kwetu Kenya, jina alilolieneza lilikuja kuwa jina la mkoa, na hata baada ya mikoa kuondolewa, watu bado hujitambulisha nalo. Mvuke unaotoka katika nyufa alizozichora unazalisha umeme huko Olkaria tangu 1981, na sasa umeme wa mvuke ni zaidi ya thuluthi moja ya umeme wote wa taifa. Magadi huvunwa katika ziwa lililozaliwa na bonde hilo, na udongo wa volkeno hulisha mamilioni.

Lakini nyufa hizo hizo hukata barabara na kubomoa nyumba. Anayejenga Mai Mahiu, Suswa au Nakuru anajenga juu ya ardhi isiyotulia. Swali la Gregory lilikuwa ni nini kilichotokea chini ya miguu yetu. Jibu tunalo kwa zaidi ya karne moja sasa. Kilichosalia ni kwa wapimaji wa ardhi, wahandisi na viongozi kulikumbuka kabla ya kuchora ramani ya barabara nyingine, wala si baada ya mvua kufukua tena ufa uliokuwapo siku zote.