Mwalimu Nyerere na nyumba za vijiji vya Buha

Ukitoka Kasulu kwenda Kibondo utaona vijiji vinavyoifuata barabara, nyumba moja baada ya nyingine, nyingi za matofali ya kuchoma. Mgeni anaweza kudhani Waha wamekaa hivyo tangu enzi za mababu. Sivyo. Zamani kila ukoo ulikuwa na kilima chake, na nyumba ya msonge ilisimama katikati ya migomba. Mpangilio tunaouona leo una mkono wa Julius Kambarage Nyerere.

Nyerere alizaliwa mwaka 1922 Butiama, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki na Mugaya. Alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha, kisha akaacha ualimu ili kuiongoza TANU. Habari hizo zinajulikana. Tunachotaka kukifuatilia hapa ni swali alilolibeba miaka yake yote ya uongozi: mkulima asiye na fedha atapataje nyumba nzuri, shule na maji?

Desemba 1962, siku alipokuwa Rais wa Jamhuri, aliwaeleza wananchi kwamba watu waliotawanyika hawawezi kufikiwa na huduma hizo, hivyo wakae pamoja. Jaribio la kwanza lilikuwa la gharama kubwa. Serikali iliwapa walowezi wa vijiji vipya nyumba na matrekta, nao wakaona shamba ni la serikali, si lao. Mpango ukasitishwa mwaka 1966. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu aligeuza mkondo: kijiji kijengwe na wenyewe, kwa hiari, na kazi ya mikono yao ndiyo iwe mtaji.

Hiari hiyo haikudumu. Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, na Novemba 1973 Mwalimu akatangaza kwamba kuishi kijijini ni amri. Kibondo walikuwa wameshaonja jambo la namna hii. Kuanzia mwaka 1933 Waingereza waliwakusanya watu wa huko katika makazi mapya kwa sababu ya malale. Sasa ilikuwa mara ya pili kwa wazee kuacha migomba iliyowachukua miaka kuikuza. Mtu aliyehamishwa hivyo alijenga kibanda cha muda, kwani nani angechoma tanuru zima la matofali mahali ambapo huenda akaondolewa kesho?

Kufikia mwaka 1977 zaidi ya watu milioni 13 nchini walihesabiwa kuwa wanaishi vijijini. Mwaka huo, akipima miaka kumi ya Azimio, Mwalimu alikiri kuwa baadhi ya watu walisumbuliwa, ingawa aliyaona hayo kuwa makosa ya hapa na pale. Sisi hatukubaliani naye. Amri inayotoka juu na kupimwa kwa haraka ya kuhamisha watu lazima izae ubabe.

Lakini katika tathmini hiyohiyo limo wazo ambalo wengi wamelisahau. Aliwalaumu wananchi na viongozi kwa kuabudu saruji na bati. Saruji nayo ni udongo, alisema, ila imepewa heshima kwa kuwa ni ya Kizungu. Kwa nini mtu akae miaka akisubiri bati ilhali udongo wa kufyatulia matofali na vigae uko chini ya miguu yake? Kwa maoni yetu hoja hiyo ilikuwa na nguvu kuliko amri yote ya 1973. Tofali la kuchoma linahitaji udongo, maji, kuni na majirani wa kusaidiana. Kuni ndizo zina gharama yake, na misitu ya Kigoma inaijua. Ilitakiwa hoja hiyo itangulie, amri isiwepo kabisa.

Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985 akarudi Butiama. Miaka yake ya mwisho aliitumia kusuluhisha mgogoro wa Burundi, ambao wakimbizi wake walikuwa wakiingia Kibondo na Kasulu. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Kibondo wamelipokea tofali lake. Kigae hawakukitaka: ukuta ukishasimama, familia bado huuza mahindi au maharage ili kununua bati.